Bomba Limeuliza Maji Ni Nini

Siku hizi bomba halitoi maji mpaka ujibu swali la sayansi la darasa la saba. Ukikosea ndiyo basi, mpaka kesho. Zamda alikinga sufuria. Mwanawe Tunu alikuwa anaharisha tangu jana, midomo imemkauka.

"Maji ni nini?" bomba likauliza.

Zamda akashusha pumzi, maana hilo alilijua. Kabla hajafungua mdomo, mumewe Mrisho, aliyeshajipaka sabuni akisubiri maji, akapiga kelele kutoka bafuni:

"Maji ni uhai!"

"Umekosea," bomba likasema kwa adabu. "Maji ni hidrojeni na oksijeni. Karibu tena kesho."

"We Mrisho! Nani kakuuliza wewe?"

"Sasa mke wangu, si ndivyo tulivyoimbishwa shuleni? Njoo basi unifute povu, macho yanawaka!"

Zamda akamwacha na povu lake, akaenda kubisha kwa jirani. Akapewa kikombe kimoja. Tunu akanywa yote, akalamba na ukingo.

"Mama, uhai ni nini?"

Zamda akalitupia jicho bomba kwanza, kisha akamwinamia mwanawe sikioni.

"Sema polepole, mwanangu. Lisije likasikia, kesho likatuuliza."