Jino Moja Linatosha

Akina Kija wawili walikaa meza moja, wakala viazi kwenye sahani moja, kisha mmoja akamwambia mwenzake ajiandae kufa.

Mzee Ngeleja aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. Akainuka, akamtazama Kija aliyekuwa amejilaza juu ya magunia, akakohoa.

"Yule wa pili mmemweka wapi?"

Constantine, mwenye filamu, alicheka, na hapo ndipo alipoanza kukosea. Alieleza kwamba hakuna wa pili. Ni Kija huyohuyo, amepigwa picha mara mbili, kulia kisha kushoto, halafu vipande vikaunganishwa. Mzee alimsikiliza kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mganga asiyetaka kutaja dawa yake.

Filamu yenyewe ilikuwa ya kubangaiza. Daktari anatengeneza nakala za watu, na nakala zinawageuka wenye sura zao. Kamera ilikuwa simu ya Constantine iliyofungwa kwenye mpini wa jembe. Maabara ilikuwa ghala la pamba la Mzee Ngeleja, huko Nkololo, walilopewa kwa hisani tu. Mashine ya kunakili watu ilikuwa bomba la kupulizia dawa shambani, limevishwa karatasi ya kung'aa. Katika hadithi yao kila nakala ilianzia kwenye jino la mtu, na jino hilo lilikuwa punje ya hindi jeupe.

Kesho yake mzee alirudi na hoja. Mwaka fulani bwana mifugo alimletea mrija mwembamba wenye mbegu za dume la kisasa. Dume lenyewe lilikuwa limeshakufa zamani huko Arusha, limebaki mifupa. Lakini ng'ombe wake alishika mimba, na ndama akatoka na baka lilelile la dume kwenye paji. Sasa kwa binadamu ishindikane nini?

"Kwani baba unataka tumnakili nani?" Kija aliuliza kwa utani.

"Nyanda."

Utani ukaishia hapo. Nkololo nzima ilijua habari za Nyanda, mtoto pekee wa kiume wa mzee, aliyegombana na baba yake zizini kwa sababu ya ng'ombe wa mahari, akaondoka siku hiyohiyo kwenda migodini Geita. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na hata salamu hajatuma. Mama yake, Milembe, alikwishamtangaza kanisani na redioni. Kila mpita njia alimuuliza kama hajamwona kijana mrefu, mwenye jino la mbele la chini lililovunjika. Mzee peke yake ndiye hakuwahi kumuulizia. Alisema mwanamume akiondoka kwa miguu yake hafuatwi.

Tangu mavuno ya pamba Milembe alikuwa amegoma kula. Alishinda barazani juu ya mkeka, uso ameuelekeza barabarani, mashavu yamebonyea, akisema chakula atakigusa siku atakapomwona mwanawe.

"Atakufa huyu," mzee alisema. "Hata kama ni wa kunakili. Amwone tu anaingia uani."

Constantine alimhurumia kweli. Lakini alikuwa amebakiza maonyesho mawili ya kurekodi, na ghala lingine hakuwa nalo. Kumkatalia mzee wa watu ilikuwa sawa na kujifukuza mwenyewe. Basi akatafuta namna ya kukataa bila kutamka hapana.

"Mashine inataka jino, baba. La Nyanda mwenyewe. Bila hilo haiwaki."

Geita ni mbali, aliwaza, na hakuna anayejua kijana yuko shimo gani. Jino litatoka wapi?

Mzee alifikiri kidogo, akauliza kama jino la siku nyingi linafaa. Constantine alidhani anasema meno ya utotoni, yale watoto wanayorusha juu ya paa, na nani aliwahi kuliona tena jino la paani? Akajibu kwamba lolote linafaa, mradi liwe lake.

"Moja linatosha?"

"Moja linatosha, baba."

Asubuhi iliyofuata, walipofika kwa pikipiki kutoka Somanda, walisikia jembe likigonga ndani ya zizi la zamani, ambalo halikuwa likitumika. Kija alisema mzee amewahi kuchimba samadi ya shambani.

Barazani Milembe alikuwa ameketi wima. Alikuwa ameoga, amefunga kitambaa kipya kichwani, na miguuni pake palikuwa na bakuli la uji lililolambwa likaisha.

"Mwangaluka, wanangu," aliwasalimu, akitabasamu. "Baba yenu kaniambia Nyanda anakuja leo."

Constantine alijisikia vibaya. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho pale barazani, mbele ya lile bakuli. Alimvuta Kija ghalani, akamwambia kwamba leo atamweleza mzee ukweli wote, wakifukuzwa na wafukuzwe. Akasimama kando ya mashine yake ya kung'aa, akijaribu maneno kimoyomoyo.

Mzee Ngeleja aliingia akiwa amechafuka samadi mpaka magotini. Aliurudishia mlango nyuma yake, taratibu, mkewe asisikie. Kwapani alibana kipande cha gunia kilichokunjwa. Constantine alifungua mdomo, lakini mzee akamwahi.

"Lile lililovunjika limekataa kung'oka, mwanangu," alisema kwa upole, akikunjua gunia juu ya meza, karibu na punje ya hindi. "Nimeleta taya zima."