Bisibisi ya Plastiki Nyekundu

Katika mji ule, bwana harusi hukiunga kitanda mwenyewe, ukumbini kwa wakwe, kwa vifaa alivyotoka navyo kwao, si vya wakwe. Kisiposimama kabla ya adhana ya alasiri, ndoa husogezwa mwaka mzima.

Haya Mama Mwanakombo aliyajua. Lakini dukani aliona bisibisi ya chuma kizuri, akaona na ya plastiki nyekundu, rahisi mara nane. "Bisibisi ni bisibisi," alimwambia mwanawe Shamte, bwana harusi, na pesa iliyobaki akajinunulia leso ya harusi.

Sasa, kwenye skrubu ya tatu tu, bisibisi ilijipinda kama tambi iliyoiva. Shamte akainyoosha kwa meno. Ikajipinda upande wa pili.

"Mkwe wangu," akauliza Bi Zamzam, mama wa bibi harusi, "unaunga kitanda au unakoroga uji?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Mwanakombo akajifunika uso kwa leso yake mpya.

"Kaza, mwanangu," alinong'ona.

"Nakaza, mama. Inayozunguka ni bisibisi, skrubu imetulia zake."

Msikitini jirani, mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.

Hapo pazia la chumba cha ndani likasogea. Mkono wenye hina mbichi ukachomoza, umeshika bisibisi nene ya mpini wa mbao. Ukumbi mzima ukageukia pazia, maana kifaa cha upande wa mke hakikuwahi kugusa kitanda cha harusi.

Shamte akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama Bi Zamzam. Bi Zamzam aliutazama mkono wa bintiye, hina ikidondoka tone moja moja sakafuni, kisha akasema, "Pokea, mkwe wangu, uji usije ukaungua."