Programu Mbili na Posa Moja

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, antivirasi iliiona programu ya bekapu, ile inayotunza nakala za mafaili, kuwa mwizi, ikaifungia nje. Prosperi akapiga meza ngumi. Wazee wa akina Stela, mchumba wake, walikuwa wafike saa sita kuja kuivunja posa.

Kompyuta ile, pale sebuleni kwao, mtaa wa Isevya, ilikuwa ya baba yake, Mzee Nibitanga. Ndani yake mzee alikuwa amechapa majina ya koo zilizotoka Burundi zikahamia makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, nani kamzaa nani. Hakuna aliyeposa bila kupita kwake kwanza, maana wajukuu wa ndugu hawaoani. Wiki iliyopita alifungua faili mbele ya wageni: babu yake Prosperi na babu yake Stela walikuwa ndugu wa tumbo moja, waliopotezana wakati wa kukimbia vita. Stela alilia mpaka akapata homa.

Lakini Prosperi aliona jambo. Mstari wa jina lake ulikuwa mfupi kuliko ya ndugu zake, kama uliokatika katikati. Akaamini ni virusi. Kama vilikuwa vimeula mstari wake, basi huenda vimeivuruga na ya mababu. Nakala ya zamani ilikuwa kwenye diski ya nje, na haikufunguka bila programu ileile ya bekapu.

Mzee alikuwa ameketi nyuma yake tangu chai, na chai yenyewe hajaigusa. Alishauri antivirasi peke yake itoshe. Hiyo nyingine iondolewe, inaisumbua mashine bure.

"Zote mbili, baba," Prosperi alisema. "Ila zinazopatana."

Akampigia Amon, fundi wa kompyuta pale sokoni. Amon alimcheka kwanza, kisha akamweleza kwamba hizo mbili hazikai nyumba moja, kila moja inajiona ndiye mlinzi. Akamtajia antivirasi nyingine, nyepesi, isiyogombana na bekapu. Prosperi akaifuta ya kwanza, akaiweka hiyo. Ikaanza kujipakia. Asilimia arobaini. Sabini. Hodi ikapigwa getini, na mama akatoka kuwapokea wageni.

"Iache, mwanangu," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Nitakutafutia mchumba mwingine."

Prosperi alimkasirikia, kwa mara ya kwanza maishani, akaibofya bekapu.

Safari hii hakuna kilichofungiwa. Nakala ya miaka kumi na miwili iliyopita ikafunguka. Majina ya mababu yalikuwa vilevile, herufi kwa herufi; babu hao wawili bado walikuwa ndugu. Nyayo za wageni zilikwishafika barazani. Akashuka chini, mpaka kwenye mstari wake, ambao humu ulikuwa mzima:

"Prosperi. Tulimwokota stesheni ya Usoke, umri wiki mbili. Wazazi hawajulikani. Asiambiwe kamwe."