Mikono Kwenye Ungo

Wateja wa mtandaoni hawakuwahi kuuona uso wa mama yake Faustina. Kwenye video waliijua mikono tu, yenye makunyanzi na pete ya shaba, ikichambua mchele wa Rujewa kwenye ungo.

Siku ya tisa baada ya mazishi ya mama, magunia bado yamejaa sebuleni, Faustina aliivaa pete ile. Ilimpwaya. Akajirekodi anachambua, akairusha video.

Mteja wa Uyole akaandika chini yake: “Mama, leo mikono imekuwa kama ya msichana! Unapaka mafuta gani?”

Mama alimwita kila mteja mwanangu. Faustina alikuwa na zaidi ya siku tisa hajaitwa hivyo.

Akajibu: “Ya mgando tu, mwanangu.”