Wa Mwisho kwenye Foleni

Upawa uligonga chini ya sufuria, na kwenye foleni alikuwa bado amebaki mtu mmoja.

Mpishi hakushangaa. Ilikuwa hivyo jana, juzi, na karibu kila siku tangu muhula uanze. Aliinamisha sufuria, akakwangua, akapata ukoko na mchuzi wa maharage usio na maharage. Akaumimina kwenye bakuli la msichana wa mwisho bila kumtazama usoni.

"Kesho nitakubakishia," alisema.

"Sawa," msichana alijibu. Hakuwa mtoto wa kulalamika, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati mbaya yake.

Hesabu ya jiko lile haikuwa na siri. Mtunza stoo alipima mchele na maharage kwa idadi ya watoto: mtoto mmoja, upawa mmoja. Lakini mpishi alikuwa na moyo mwepesi. Mapacha ambao nyumba yao iliungua aliwaongezea nusu. Yule mwenye kikohozi, nusu. Kale kadogo ka darasa la kwanza, kanakocheka bila meno ya mbele, nako nusu, kwa ajili ya kicheko tu. Nusu haina mdomo wa kusema imetoka wapi. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alimsimamisha, akasema wema hauozi, na watu wakampigia makofi mpaka akaona haya.

Mpishi aliyemtangulia alifukuzwa kwa kuwapakulia wa kwake mara mbili. Huyu aliapa kwamba hakuna atakayemnyooshea kidole. Alipoongeza, aliongeza mbele za watu, na kwa wanaostahili. Pengo lilikuwa lazima liangukie mahali, naye alilichagulia mahali: kwa mtoto asiye na makelele. Siku ya kwanza ya muhula alimwambia akae mwisho wa foleni. "Wewe una akili, utangoja," alimwambia, na msichana akangoja muhula mzima.

Atakula jioni. Hivyo ndivyo mpishi alivyojiambia kila siku akisugua masufuria, kabla hajakimbilia kibarua chake cha pili cha kufua nguo za watu mpaka giza linaingia. Neno hilo lilimtuliza hadi ile Alhamisi.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Kishindo kilisikika kwenye ngazi za madarasa, kisha kelele za watoto. Mpishi alichungulia dirishani, na katikati ya miguu ya watu akaona viatu viwili tu vimelala upande, madaftari yametawanyika kando. Vilimtosha kujua ni nani. Alitoka na aproni yake, akawasukuma watoto, akambeba msichana mgongoni mpaka zahanati. Mwalimu wa zamu, mgeni aliyekuwa na wiki mbili tu pale shuleni, alimfuata nyuma akihema.

Walikaa kwenye benchi la korido. Baada ya muda muuguzi akatoka akivua glavu.

"Jeraha la kichwa si kubwa, nimelishona. Kinachonitia hofu ni damu. Imepungua sana. Huyu mtoto hashibi, na si jambo la leo wala la jana. Bado hajaamka. Tukiona kimya kwa nusu saa nyingine, tunampeleka hospitali kubwa." Akawatazama mmoja mmoja. "Wazazi wake wako wapi?"

"Kwenye daftari la shule kuna namba ya bibi yake tu," mwalimu alisema. "Nimepiga mara nne, haipokelewi."

"Mama wa namna gani anamwacha mtoto afike hapa?" muuguzi alisema, akarudi ndani na kufunga mlango.

Mpishi alitazama mikono yake. Ilinuka moshi na kitunguu.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Zile nusu nusu zote nilizogawa, mwalimu, zilitoka kwenye bakuli lake. Nilijua. Kila siku nilimkwangulia ukoko na nilijua."

Mwalimu alimshika bega. Alikuwa kijana mpole, na alisema kwa nia njema kabisa. "Dada yangu, usijitwishe mzigo usio wako. Unalisha watoto mia mbili kwa chakula kisichotosha. Tuseme mchana ulikushinda. Asubuhi je? Jioni je? Hayo ni ya mama yake kujibu, si yako."

Hapo ndipo mpishi alipoanza kulia. Alitamani mwalimu amtukane, kwa sababu tusi angelipokea. Upole ule ulimchoma. Aliwakumbuka wazazi wakimpigia makofi, na msichana akiwa amesimama nyuma kabisa ya ukumbi, naye akipiga makofi pamoja nao.

Mlango ukafunguliwa. "Ameamka," muuguzi alisema.

Waliingia wote wawili. Msichana alikuwa amelala chali, bandeji imemzunguka paji la uso, midomo mikavu. Mwalimu alishukuru Mungu kwa sauti. Mpishi alibaki karibu na mlango, akikunja pindo la aproni kisha akilikunjua. Alikuwa na la kusema, ila hakujua aanzie wapi, tena mbele ya watu.

Muuguzi alimwinamia mtoto, akamnywesha maji kidogo kwa kijiko. "Mwanangu, usiogope. Niambie tu mama yako yuko wapi, tumwite."

Msichana aligeuza macho polepole, yakampita mwalimu, yakatulia kwa mpishi.

"Hapa si shuleni," alisema. "Hapa naruhusiwa kusema mama yangu ni wewe?"