Kikuku cha Muuzaji

Mgeni alipiga hodi Wakesho akipepeta mahindi uani. "Mama, nasikia marehemu mzee aliacha bunduki. Ndovu wananimalizia shamba."

Kila bunduki ilikuwa na kikuku chake. Sheria ilimtaka muuzaji akivae, kimtetemeshe mkono kila mara bunduki hiyo inapofyatuliwa, naye siku hiyohiyo aende polisi kumtaja mnunuzi. Lakini bonde zima hakuna aliyekivaa. Watu waliuziana nyuma ya zizi, kisha wakalala usingizi wao.

Wakesho alimtolea mgeni bunduki, akapokea pesa, kisha akachukua kikuku chake.

"Hicho cha nini, mama?" mgeni alicheka.

"Nilimwahidi mume wangu," Wakesho alisema, akakifunga mkononi.

Mgeni aliacha kucheka. Akautazama mlango, kisha dirisha. "Kikitetemeka," alisema kwa upole, "wewe jua umeota tu."

Siku ya tatu, Wakesho alikuwa akisonga ugali huku wifi yake Mghoi akichambua mchicha. Kikuku kikatetemeka. Kikatulia. Kikatetemeka tena, mara tatu mfululizo.

"Ni ndovu hao," Mghoi alisema haraka.

"Ndovu hawashuki saa saba mchana, wifi."

"Basi paka sabuni kivuke! Huyo mtu anapajua hapa. Kwani wewe ndiye uliyefyatua?"

Wakesho aliepua sufuria, akajitanda leso. Akaufungua mlango. Akashika njia ya kituoni.