Mkono wa Dirishani

Gari kuukuu la Lindsay Trewin, Holden, lilipita kioo kikiwa kimefungwa, na Noelene akabaki barazani ameinua mkono hewani kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Leo tena?" aliuliza Glenys, mke wa kaka yake, huku akitia maziwa kwenye chai.

"Leo tena. Kidole tu."

Kidole kimoja kuinuliwa juu ya usukani si kitu. Katika barabara za Wirrabilla kila dereva humpa kila mtu, na madereva wa malori ya ngano huwapa hata mbwa. Lakini tangu Noelene ahamie pale baada ya mavuno, Lindsay alikuwa akirudi na mkate wake asubuhi, akifika usawa wa baraza anatoa mkono mzima dirishani, umenyooka mpaka kwenye kucha. Noelene, mjane, naye huinua wake, na siku yake huanza vizuri. Sasa wiki nzima kioo kimefungwa, na chai haina ladha.

"Wifi, nikwambie kitu?" alisema Glenys. "Ule mkono haukuwa wako. Gari lile la enzi hizo halina taa za kukatia kona. Mtu akitaka kukata kulia, anatoa mkono. Kushoto hatoi kitu. Ndiyo sheria. Mzee wa watu anaashiria anakata kwenda zake nyumbani, wewe unamwitikia salamu!"

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Kwani kwake ni upande wa kulia?"

"Kwake nimefika mimi? Nani amefika? Yule hakaribishi hata nzi. Mie najua ni huko mbele, ukipita mikalitusi."

"Na kioo?"

"Kimekwama. Fundi wa mjini kasema vipuri vyake havitengenezwi tena."

Noelene hakuwa mtu wa kulala na swali. Marehemu mumewe alikuwa na uwanja wa magari mabovu, na milango ya magari aliyomsaidia kuifungua haina idadi. Kesho yake akamvizia Lindsay nje ya duka la mikate, sanduku la bisibisi mkononi.

"Lete gari nyuma kwa Glenys."

"Bi Noelene, nisikusumbue bure."

"Nimelalamika?"

Akachomoa mpini wa kuzungushia kioo, akabandua ubao wa ndani wa mlango, akachungulia. Kigurudumu kinachobeba kioo kilikuwa kimepasuka, na mkono wa mashine ya kupandishia kioo umeteleza ukajibana kando. Akamsimamisha Lindsay nje ya mlango ashike kioo kwa viganja vyote viwili kisije kikadondoka. Yeye akaingia jikoni kwa Glenys, akatoka na kibao cha plastiki na msumeno.

"He! Kibao changu cha kukatia vitunguu!"

"Kitakatia vitunguu hicho hicho, wifi. Kitapungua pembe moja tu."

Akakata kipande, akakipiga tupa taratibu mpaka kikawa duara. Lindsay alikuwa bado ameshikilia kioo, pua yake karibu inagusa, kama samaki wa dukani. Noelene akaona hatapata nafasi nyingine kama ile, mtu hawezi kukimbia na viganja vimeshika mzigo.

"Lindsay."

"Naam."

"Ule mkono wako wa asubuhi, ukipita kwangu. Ulikuwa wa nini?"

Shingo ya Lindsay ikawa nyekundu kama nyanya. Akamtazama Glenys, akaitazama anga, akarudi kwenye kioo.

"Ah. Ule? Ishara tu. Nakata kulia. Gari halina taa."

"Sikukwambia?" alisema Glenys.

Moyo ulimuuma Noelene, tena ulimuuma sana. Wapo ambao wangeuacha mlango wazi hivyo hivyo, matumbo nje, wakaenda zao. Yeye alikipachika kigurudumu, akapaka grisi, akarudisha ubao na mpini. Akazungusha. Kioo kikashuka kwa ulaini, bila hata mlio. Lindsay akakipandisha, akakishusha, akakipandisha tena, meno yote nje.

"Sijui nikushukuru vipi."

"Bado. Kioo hujaribiwa kwenye makorongo, si uani. Tutakwenda wote mpaka kwako, kikigoma nikimalize huko huko. Halafu utanirudisha."

"Mpaka kwangu?" Tabasamu likamfutika. "Kwangu vurugu tupu."

"Nafuata kioo, siendi kukagua vyombo."

Glenys alibaki langoni na kibao chake kilichokatwa pembe, anawapungia mkono.

Barabara ya vumbi iliwatikisa mpaka sanduku la bisibisi likawa linaimba miguuni mwa Noelene. Kioo hakikucheza. Wakafika usawa wa nyumba ya Noelene, upande wa kulia, baraza tupu, kiti kitupu. Kwa mazoea ya mwili tu, mkono wa Lindsay ukatoka dirishani, wote, umenyooka mpaka kwenye kucha.

Hapo ndipo alipokumbuka nani amekaa kando yake. Akaurudisha ndani upesi kama aliyegusa jiko.

"Ishara," alisema.

"Nimeona," alisema Noelene, macho mbele.

Wakaipita mikalitusi. Lindsay akapunguza mwendo, akashusha gia, na kwenye njia ya kwake akakata kushoto.